Jeneza Likisharudi Msikitini

Siku ya Idd kila mtaa wetu una nyumba za namna mbili. Iko nyumba ambayo tangu alfajiri moshi wa udi unatoka dirishani, watoto wamevaa nguo mpya na wanapishana mlangoni kwenda kutafuta mkono wa Idd, na harufu ya pilau imeshafika msikitini kabla ya imamu kupanda mimbari. Na iko nyumba ya pili, pengine ukuta kwa ukuta na ile ya kwanza, ambayo mlango wake umeshindikwa. Ndani yumo mjane amekaa eda, au wamo wazee waliomzika kijana wao mwezi wa Rajabu, au wamo watoto ambao mwaka jana walishikwa mkono na baba yao kwenda kuswali, na mwaka huu hawana wa kuwashika. Nyumba hii ya pili ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, na pamoja nayo tuwazungumze wale watu walioingia humo siku ya msiba na sanda na ndoo za maji, wakaifanya kazi yao vizuri kabisa, wakatoka, na tangu siku hiyo hawakuonekana tena.

Hatusemi hivi kwa kutaka kulaumu. Watu wa maziko ni katika watu bora tulio nao Pwani hii, na wengi wetu hatuwajui majina mpaka siku tunapowahitaji. Mtu akikata roho saa nane za usiku, Likoni au Kisauni au Mji wa Kale, haipiti saa moja ila ameshatafutwa mwosha. Huyu hutoka kitandani mwake bila ya kuuliza atalipwa nini. Mwingine anakwenda kufungua chumba cha msikiti linamowekwa jeneza, ambalo wazee wetu wakiliita tusi. Mwingine anapima sanda, nguo tatu kwa mwanamume na tano kwa mwanamke. Huku yatafutwa majani ya mkunazi na kafuri, kule makaburini vijana wameshaanza kuchimba, na yuko fundi anayeujua mwanandani jinsi unavyochongwa na viunza vinavyopangwa. Kutwa haipiti maiti ameshaswaliwa, ameshachukuliwa mabegani na watu wanaopokezana njiani, hata mpita njia asiyemjua huweka bega lake hatua saba kisha akaendelea na safari yake. Kazi yote hii ni faradhi ya kutoshelezana: wakiifanya baadhi, wengine wamesalimika na dhambi, wakiiacha wote, mji mzima una dhambi.

Basi sisi hatuna nyumba ya mazishi ya kulipia. Nyumba yetu ya mazishi ni mtaa wenyewe. Ina mafundi wake, ina vyombo vyake, na pahala pengi siku hizi ina gari lake na kamati yake na daftari lake la michango. Lakini ukiitazama kwa makini utaona ina kasoro moja: kazi yake inakoma jeneza likisharudi msikitini. Likishaoshwa na kuegemezwa ukutani, kamati imemaliza. Siku tatu za matanga wanabaki jamaa na majirani, na baada ya hapo kila mtu na shughuli zake.

Wako watu mbali sana na sisi, kwa dini na kwa desturi, ambao jambo hili wamelifikiria, na si haya kulitazama lao. Huko Marekani mtu akifa, mara nyingi mwili wake hupokewa na nyumba ya mazishi, ambayo ni biashara kama biashara nyingine, iliyo na leseni na yenye kulipa kodi. Katika baadhi ya majimbo yao, New York likiwa mojawapo, sheria haiwaruhusu jamaa kumaliza maziko peke yao bila ya mwenye leseni ya kazi hiyo kuhusika. Kwa hivyo hata Muislamu wa kwetu aliyehamia huko akifa, wanawe watamwosha na kumkafini kwa Sunna, lakini karatasi za kumzika lazima zipitie kwa huyo bwana. Kazi hii ilipanuka sana tangu vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 mpaka 1865, wakati maiti za askari zilipotiwa dawa zisioze ili zisafirishwe makwao. Leo ni mali nyingi. Chama cha taifa cha wenye nyumba hizo kilihesabu kwamba mwaka 2023 gharama ya kati ya maziko ambayo watu huja kuutazama mwili kabla ya kuzikwa ilikuwa dola 8,300, na hapo bado kaburi halijalipiwa. Wenyewe Wamarekani wamelalamika sana. Mwandishi Jessica Mitford alitoa kitabu kizima mwaka 1963 kuwatia adabu wafanyaji biashara hiyo, na mwaka 1984 serikali yao ikatia nguvu kanuni ya kuwalazimisha kumwonyesha mfiwa bei ya kila kitu kwa maandishi, asije akauziwa sanduku la fahari akiwa na machozi machoni.

Wazee wetu walisema kufa kufaana, na kila mtu huyafasiri maneno hayo kwa upande wake. Lakini sikiliza walifanyalo. Nyumba nyingi za mazishi huko, ukifika mwezi wa Desemba na sikukuu ya Krismasi inakaribia, huandika barua kwa jamaa wote waliozikiwa watu wao mwaka ule. Huwaita jioni moja. Husomwa majina ya marehemu, jina moja moja, na kila jina linaposomwa huwashwa mshumaa, au mtu wa nyumba ile huenda akatundika pambo lenye jina hilo juu ya mti. Kisha hunywewa chai, na pengine yuko mtu wa kuwazungumzia namna ya kuipita sikukuu mtu akiwa na huzuni. Nyingine hukusanya mablanketi na vitu vya kuchezea vya watoto kwa ajili ya maskini wa mji. Hapo ada hailipwi.

Tunajua atakayesema: hiyo ni hila ya biashara, mwenye duka anataka asisahauliwe, kwa sababu mteja wake huja mara moja kwa miaka kumi. Kweli, na sisi hatukatai. Mshumaa na mti si vyetu, wala hatuviiti vije. Lakini mfanyaji biashara hatumii fedha yake kwa jambo lisilo na haja. Amejua, kwa kukaa na wafiwa miaka mingi, kwamba siku nzito kwa mfiwa si ile ya kaburini peke yake. Siku ya kaburini watu ni wengi, mtu ameshikwa huku na huku, hajui hata amekula au hajala. Siku nzito ni ile sikukuu ya kwanza, watu wote wanapofurahi na pahala pa mtu mmoja kwenye sinia pako wazi. Kama mchuuzi amelijua hilo kwa ajili ya faida, imekuwaje sisi, tunaozika kwa ajili ya thawabu, tulisahau?

Maana tulikuwa tukilijua. Mtume (s.a.w.) alipopata habari ya kuuawa kwa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muta, mwaka wa nane wa Hijra, aliamrisha watu wa nyumba ya Jaafar watengenezewe chakula, kwa kuwa wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Hili kila mtu analijua, na kila mwaka masheikh wetu hulikumbusha, hasa kwa kuwa siku hizi tumeligeuza: mfiwa ndiye anayekopa mchele awapikie waliokuja kumpa pole. Lakini hadithi hiyo ina sehemu ya pili, ambayo husomwa mara chache. Imepokewa kwamba Mtume aliwapa watu wa Jaafar siku tatu, kisha akaja mwenyewe. Akawakataza wasiendelee kumlilia Jaafar baada ya siku ile. Akataka aletewe watoto wa Jaafar, wakaletwa wangali wadogo mfano wa makinda ya ndege, akaamuru aitwe kinyozi, wakanyolewa vichwa vyao.

Itazameni kazi hiyo. Matanga yameisha, watu wamekwisha kutawanyika, na yeye ndipo alipokwenda. Tena hakwenda kuwatoa machozi mapya. Alikwenda kuyafunga, na akashika jambo dogo la nyumbani ambalo baba angelifanya kama angekuwapo. Watoto wa mtaani kwetu waliofiwa na baba hawahitaji hotuba siku ya Idd. Wanahitaji mtu wa kuwapeleka kwa kinyozi usiku wa kuamkia Idd, na wa kuwaambia asubuhi, haya wanangu, tokeni, twende tukaswali.

Ama mjane, hesabu yake inastahili kuangaliwa peke yake, kwa sababu wanaume wengi hawajapata kuihesabu. Eda ya mwenye kufiwa na mume ni miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika sura ya Baqara, isipokuwa mwenye mimba, ambaye eda yake ni mpaka kujifungua. Muda huo hatii manukato, hajipambi, hatoki ila kwa dharura. Sasa baina ya Idd ul-Fitr na Idd ul-Adha ni siku sitini na saba mpaka sitini na tisa tu, kwa kufuata miandamo ya mwezi. Mwanamke aliyefiwa katika mwezi wa Ramadhani, na hata aliyefiwa katikati ya Shaabani, atazikuta Idd zote mbili akiwa ndani ya eda. Idd ya kwanza atawasikia wenziwe wakipita kichochoroni na buibui zao mpya na harufu ya mawaridi. Na ya pili vile vile. Yeye haifuati Idd. Kama Idd haikwenda kwake, mwaka huo hana Idd.

Zamani ilikwenda. Wenye umri wetu wanakumbuka kwamba wanaume wakitoka kuswali Idd, kabla hawajakaa kula, walipita nyumba zilizofiwa mwaka ule. Hawakai sana, huingia, husoma Fatiha, humpa mkono mkubwa wa nyumba, hunywa kahawa funda mbili, huondoka. Wanawake nao alasiri huenda kwa mwenye eda na sahani zilizofunikwa kawa: vitumbua, tambi, mkate wa sinia, kipande cha halua. Hakuna aliyeandikiwa barua wala aliyepigiwa mbiu. Ilikuwa mtaa ni mmoja, na kila mtu anajua nyumba gani ilitoka jeneza.

Desturi hiyo haikukatazwa na mtu. Ilipungua kwa sababu tumetawanyika. Aliyezaliwa Mji wa Kale leo anakaa Bamburi, nduguye yuko Changamwe, mtoto wake yuko Maskati au Toronto, na wote hukutana Kikowani siku ya kuzika, wakapeana mikono kwenye lango la makaburi, wakaachana hapo hapo. Habari za kifo nazo zimekuwa nyepesi mno. Zamani tanzia ilitangazwa redioni, au alipita mtu mlango kwa mlango, na aliyeipokea alisimama akaulizana na aliyeileta. Siku hizi inafika kwa simu, katikati ya picha za harusi na bei za kuku, na watu mia mbili wanaandika inna lillahi chini yake kwa dakika kumi. Maneno ni mazuri, na aliyeyaandika ana thawabu zake inshallah. Lakini moyoni anajiona kwamba ameshakwenda.

Mwaka 2020 tulionyeshwa nyumba ya wafiwa inakuwaje isipoingiwa na mtu kabisa. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona misikiti ilifungwa, waliohudhuria maziko walihesabiwa wasizidi 15, na tangu tarehe 6 Mei watu walizuiwa kuingia au kutoka Mji wa Kale wa Mombasa. Idd ul-Fitr ya mwezi ule wa Mei ikaingia hali ndio hiyo. Waliokuwa na msiba mwezi huo walikaa peke yao na maiti wao, wakakaa peke yao na Idd yao. Wakati ule tulisema sote kwamba mambo yakifunguka hatutaacha tena kuzuriana. Yalifunguka. Tumerudi harusini, tumerudi mpirani, tumerudi barazani kupiga bao. Kwenye nyumba hizi bado.

Wako ndugu zetu watakaosema kwamba kuihusisha siku ya Idd na wafiwa ni kuzua jambo, na kwamba Idd ni siku ya furaha na si ya kufufua msiba. Mjadala wa hitima na arubaini na kuzuru makaburi siku ya Idd tunawaachia masheikh, ambao wamekuwa nao tangu hatujazaliwa na wataendelea nao tukisha kufa. Sisi hatusemi pawekwe matanga mengine. Tunasema mtu mwenye huzuni azuriwe, yatima ashikwe mkono, jirani apelekewe chakula, na hayo hatujamsikia sheikh wa upande wowote akiyapinga. Kama neno ni kufufua msiba, basi wafiwa wenyewe watakwambia kwamba msiba haukufa hata ufufuliwe. Wao walikuwa nao jana usiku.

Kwa hivyo maneno yetu tunayaelekeza kwa kamati za maziko za misikiti na kwa vyama vya kuzikana, vya wanaume na vya wanawake. Nyinyi mnalo daftari. Kila jeneza linapotoka mnaandika jina, tarehe, nyumba na nani aliyekuja kuomba. Daftari hilo mnalifungua kutazama nani hajalipa mchango wake. Lifungueni pia kumi la mwisho la Ramadhani, na tena unapoandama mwezi wa Mfungo Tatu, mkatazame ni nyumba ngapi zilizofiwa tangu Idd iliyopita. Katika msikiti wa kiasi hazitakuwa nyingi za kuwashinda. Gawaneni: nyumba hii fulani na fulani, nyumba ile fulani. Waendao wawe ni katika wale wale waliokuwapo siku ya msiba, aliyeosha, aliyechimba, aliyeshusha kaburini, kwa sababu mfiwa akimwona mtu huyo hana haja ya kumweleza kitu. Kwa mwenye eda waende waosha wa kike, ambao ndio waliomkalisha eda, ndio waliomfundisha masharti yake. Wasiende mikono mitupu wala wasiende na magunia. Kilo ya tende, sahani ya mahamri, mkono wa Idd kwa watoto. Fitri ya mtaa ikigawiwa kabla ya swala, na nyama ya udhiya ikigawiwa baadaye, atazamwe aliyefiwa kama naye ni katika wenye haki ya kupewa, maana nyumba iliyoondokewa na mchumi hubadilika hali kabla jirani hajatambua, na wenyewe watafunga midomo. Na jambo moja tunaomba sana: mheshimiwa asichukuliwe wala mpiga picha.

Linabaki neno la waosha wenyewe. Mauti hayaijui sikukuu, na siku ya Idd watu hufa kama siku nyingine. Mwosha huitwa sinia likiwa limetandikwa mbele yake na wanawe wamemzunguka. Hunawa, huondoka, na akirudi Idd imekwisha. Ofisi siku hiyo zimefungwa, na maiti aliyefia hospitali hatoki mpaka apatikane mwenye ufunguo na mwenye muhuri, na kibali cha kuzika kiandikwe. Basi mtu wa kamati hushinda akizunguka na karatasi mkononi kutoka mlango hata mlango ili marehemu azikwe kabla ya magharibi. Kamati isingoje kufikwa ndipo itafute. Siku mbili kabla ya Idd watu wajue ni karani gani atakuwa zamu na naibu wa chifu yuko wapi, dereva wa gari ni nani, na mwosha wa zamu ni nani, ili asiitwe yule yule mmoja miaka ishirini mfululizo kwa kuwa hakatai. Wengi wa hawa ni watu wazima sasa, na vijana wanaosimama nyuma yao kujifunza ni wachache. Kijana aliyetumwa siku ya Idd kupeleka sahani kwa mwosha, akakaa kidogo akazungumza naye, huenda siku ya pili akamfuata akamshikie ndoo.

Idd ul-Adha ni ya kumi ya Mfungo Tatu, na msikitini daftari liko kwenye sanduku lile lile zinamowekwa sanda.